Kujenga giaboksi otomatiki imara na kuipoza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na watu walioongeza nguvu ya injini, wanaovuta trela nzito, au wanaokimbiza magari robo maili. Nimeyajibu kama ninavyojibu giaboksi ikiwa wazi mezani mbele yangu. Pale nilipoeleza kwa urefu ndipo ninapoona fedha na vyuma vya watu vikipotea zaidi.

Nimefunga turbo. Giaboksi ya kiwandani itahimili?

Itahimili kwa muda, na urefu wa muda huo hauamuliwi na namba ya hospawa peke yake. Giaboksi haijui hospawa. Inachojua ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayoingia kwenye shafti yake, uzito wa gari linalosukumwa, na muda ambao klachi zake za ndani, yaani pleti zinazoshikana ili gia ikamate, zinateleza kabla hazijakamata sawasawa.

Kumbuka pia kwamba torki konveta, kile kifaa cha oili kilicho kati ya injini na giaboksi, huzidisha torki gari linapoanza kuondoka, mara nyingi karibu mara 2. Injini ya Nm 400 inaweza kuingiza karibu Nm 800 kwenye shafti ya kuingilia kabla gia ya kwanza haijazidisha tena. Kwa hiyo gari zito lenye tairi zinazoshika lami vizuri huimaliza giaboksi mapema kuliko gari jepesi lenye tairi zinazozunguka bure, hata kama injini ni ile ile. Mtu akiniuliza kama giaboksi yake itavumilia, kabla ya kujibu namuuliza uzito wa gari, ukubwa wa tairi, uwiano wa difu, na kazi ambayo gari litafanya. Bila hayo, jibu lolote ni la kubahatisha.

Nianze na nini, klachi au upoaji?

Upoaji kwanza, kisha presha ya oili, kisha klachi, na mwisho vyuma vizito kama shafti na spragi (klachi ndogo inayoruhusu kuzunguka upande mmoja tu). Napanga hivyo kwa sababu klachi bora kabisa ikifanya kazi ndani ya oili iliyoungua itakufa kama ile ya kiwandani, na tofauti itakuwa gharama tu.

Mpangilio huu ni wa giaboksi ambayo bado ni nzima. Kama oili imeshakuwa nyeusi na inanuka kama mkate ulioungulia, kuongeza kipoza oili hakutaiponya. Karatasi ya klachi, yaani ule utando wa msuguano uliobandikwa kwenye pleti, imeshageuka mkaa na hairudi. Hapo ni kushusha na kufungua.

Joto lote hili linatoka wapi?

Sehemu kubwa inatoka ndani ya torki konveta. Ndani yake feni inayozungushwa na injini inarusha oili kwenye turbaini iliyoungana na giaboksi, na katikati kuna steta inayogeuza mwelekeo wa oili ili irudi na kusaidia kusukuma. Turbaini inapozunguka polepole kuliko injini, tofauti hiyo ya kasi haipotei hewani. Inakuwa joto ndani ya oili.

Tupige hesabu. Chukua gari lililoshikwa kwa breki, gia ya D, injini ikitoa Nm 300 kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Hiyo ni karibu kilowati 79. Gari halisogei, kwa hiyo karibu kilowati zote 79 zinaingia kwenye oili. Oili iliyo ndani ya konveta yenyewe huenda ni lita 3 hivi. Hata chuma kikinyonya sehemu ya joto hilo, joto la oili linaweza kupanda zaidi ya digrii 10 kila sekunde. Ndiyo maana vitabu vingi vya ufundi vinasema jaribio la kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja lisizidi sekunde 5. Watu wanaona ni tahadhari ya kupindukia, lakini piga hesabu mwenyewe utaona sekunde 10 zinakupeleka wapi.

Barabarani mambo ni mapole zaidi. Lokapu ikishika, yaani ile klachi ya ndani ya konveta inayounganisha injini na giaboksi moja kwa moja, utelezi unakwisha na joto linashuka dakika chache baadaye. Lakini panda mlima mrefu ukivuta trela, injini ikitoa kilowati 100 na konveta ikiteleza kwa asilimia 10: una kilowati 10 za joto, dakika baada ya dakika. Kipoza oili kinapaswa kuziondoa zote, la sivyo oili inaendelea kupanda mpaka kitu kiungue.

Chanzo cha pili ni klachi zenyewe wakati wa kubadilisha gia. Hilo ni joto la nusu sekunde au pungufu, lakini linatua kwenye pleti moja kwa moja, na ndilo linaloacha madoa ya bluu kwenye pleti za chuma.

Joto gani ni salama?

Oili ikiwa kwenye sampo, yaani lile bakuli la oili chini ya giaboksi, nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi ni maisha ya kawaida. Kanuni ya zamani ya mafundi inasema kwamba juu ya hapo, kila nyuzi 11 zinazoongezeka hupunguza umri wa oili kwa nusu. Oili za sintetiki za leo zinavumilia zaidi, lakini mwelekeo ni ule ule. Kwenye nyuzi 115 hivi, utando wa kahawia unaanza kujijenga ndani ya valvu bodi, sehemu inayogawa presha ya oili kwenye kila gia, na valvu zinaanza kukwama. Ikipita 125, oili sili za mpira zinakauka na kuwa ngumu kama plastiki. Ikifika 145, klachi zinateleza, na zikiteleza zinazaa joto zaidi.

Nifunge sensa ya joto wapi?

Kwa gari la kila siku na la kuvuta mzigo, funga kwenye sampo. Hapo unaona joto ambalo giaboksi nzima inaishi ndani yake. Kwa gari la mashindano, funga kwenye bomba linalotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye kipoza oili, kwa sababu hapo unaona kinachotokea ndani ya konveta sekunde hiyo hiyo. Usishtuke ukiona bomba hilo linagusa nyuzi 130 wakati wa kuondoka. Angalia linashuka kwa haraka kiasi gani. Likichelewa kushuka, upoaji hautoshi. Na usifunge sensa kwenye bomba la kurudi ukadhani unajua joto la giaboksi. Hapo unapima kazi ya kipoza oili tu.

Kipoza oili kilicho ndani ya rejeta hakitoshi?

Kwa gari la kiwandani linaloendeshwa kwa upole kinatosha, na kina sifa moja ambayo watu huidharau: maji hunyonya joto haraka kuliko hewa. Mwanzo wa safari kinafanya pia kazi ya kinyume, kinaipasha oili moto ifike kwenye joto lake. Upungufu wake ni kwamba maji ya rejeta yenyewe yako karibu nyuzi 90, kwa hiyo hayawezi kuishusha oili chini ya hapo.

Kwa magari mengi napendekeza kutumia vyote viwili: oili itoke kwenye giaboksi, ipite kwenye rejeta iache sehemu kubwa ya joto, kisha ipite kwenye kipoza cha nje kinachopigwa na upepo, halafu irudi kwenye giaboksi. Kama rejeta ni ya zamani na huiamini, badilisha rejeta au iruke kabisa. Ukuta wa ndani ukipasuka, maji na oili vinachanganyika na utaona kitu cha waridi chenye povu kama maziwa yaliyotiwa rangi. Maji na kemikali ya kupozea hulegeza gundi inayoshika karatasi ya klachi kwenye pleti. Nimefungua giaboksi za namna hiyo ambapo karatasi ilitoka kwa ukucha wa kidole gumba, ikiteleza kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Kumwaga oili na kuweka nyingine hakuokoi hali hiyo.

Kipoza cha nje kiwe cha aina gani, na kikae wapi?

Viko vya mrija mmoja uliokunjwakunjwa kupita kwenye mapezi ya alumini, na viko vya sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kwa ukubwa ule ule, vya sahani hutoa joto zaidi kwa sababu oili inasambaa kwa upana. Nafunga vya sahani kwenye kila gari lenye kazi nzito. Cha mrija nakiacha kwa gari dogo linalohitaji msaada kidogo tu.

Mahali ni muhimu kuliko ukubwa. Kipoza kikubwa kilichofichwa nyuma ya bampa bila njia ya upepo kinashindwa na kidogo kilicho mbele ya rejeta. Acha nafasi kidogo kati yake na rejeta, na elekeza midomo ya hozi juu au pembeni ili hewa isibaki imenaswa ndani. Zile pini za plastiki zinazochomwa kupita katikati ya rejeta kushikilia kipoza sizitumii kabisa: gari linatikisika, pini inasaga, na baada ya mwaka una rejeta inayovuja. Tengeneza bano la chuma.

Gari la mashindano linalosimama kwenye foleni halina upepo wa mbele, kwa hiyo linahitaji kipoza chenye feni yake ya umeme, ikiwashwa na swichi ya joto kwenye nyuzi 80 hivi. Feni inayowashwa kwa mkono husahauliwa siku ile inapohitajika.

Naweza kuosha kipoza cha zamani nikakitumia tena baada ya giaboksi kuungua?

Hapana. Hili nilijifunza kwa hasara. Miaka ya mwanzo nilijenga giaboksi vizuri, nikaosha kipoza kile kile cha sahani kwa kemikali na upepo wa kompresa mpaka kilichotoka kikawa safi kabisa. Wiki ya pili gari likarudi likiteleza gia ya tatu. Nilipokata kile kipoza kwa msumeno, kona za sahani zilikuwa na unga wa kijivu unaong'aa, umekaa mahali ambapo upepo haukuufikia. Ukipata moto, oili iliulainisha na kuupeleka moja kwa moja kwenye valvu bodi. Nililipa kazi ile mara mbili kutoka mfukoni mwangu, na tangu hapo kipoza kipya kimo kwenye bei ya kila giaboksi ninayojenga. Mteja akikikataa, kazi naiacha.

Cha mrija mmoja kinaweza kuoshwa kwa mashine inayosukuma kemikali moto huku na huko, kwa kuwa hakina kona za kujificha. Cha sahani, na kile cha ndani ya rejeta, badilisha. Weka pia filta ndogo kwenye bomba la kurudi kwa kilomita za mwanzo.

Hozi za ukubwa gani?

Tundu la ndani la milimita 9 au 10 linatosha giaboksi nyingi. Tumia hozi iliyoandikwa kwamba ni ya oili ya giaboksi na joto lake; hozi ya petroli huwa ngumu na kupasuka. Zipitishe mbali na egzosi. Oili ya giaboksi ikirukia egzosi yenye moto inawaka, na moto ule unaanzia chini ya miguu ya dereva.

Kama una shaka na mtiririko, fungua bomba la kurudi, lielekeze kwenye chupa yenye alama, washa injini ikiwa sailensa (ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta), na hesabu. Lita moja ndani ya sekunde 20 ni kipimo cha kawaida cha mafundi. Ikitoka kwa kudondoka, kuna kizuizi au pampu imechoka. Zima injini haraka, maana giaboksi inamwaga oili yake nje wakati unapima.

Oili inaweza kupozwa kupita kiasi?

Ndiyo. Oili baridi ni nzito, inachelewa kufika kwenye klachi, na haikaushi unyevu uliomo ndani. Kompyuta nyingi pia hazishikishi lokapu mpaka oili ipate joto, kwa hiyo gari linakunywa mafuta bure. Suluhisho ni valvu ya baipasi yenye thamostati, inayoiacha oili izunguke bila kupita kwenye kipoza mpaka ifike karibu nyuzi 80.

Sampo kubwa ya alumini inasaidia?

Kidogo. Lita 2 za ziada zinachelewesha kupanda kwa joto, lakini haziliondoi kwa kiasi kikubwa. Faida yake halisi ni kwamba filta haiachwi hewani gari linapokata kona au kuondoka kwa nguvu. Hakikisha umeweka kipande cha kushusha filta ifike chini. Bila hicho umeongeza lita ambazo pampu haizifikii.

Konveta ya "stoli" ya juu ni nini, na nichague namba gani?

Stoli ni mizunguko ambayo injini inafikia wakati turbaini imezuiwa isizunguke. Konveta ya kiwandani mara nyingi iko chini kidogo au juu kidogo ya 2,000. Konveta ndogo kwa kipenyo huwa na stoli ya juu zaidi, na hiyo inaiwezesha injini yenye turbo kubwa au kemshafti kali kufika mahali inapotoa nguvu kabla gari halijaanza kubebeshwa mzigo.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi haimo ndani ya konveta peke yake. Konveta ile ile ikifungwa nyuma ya injini yenye torki kubwa, stoli inapanda. Nyuma ya injini dhaifu, inashuka. Ndiyo maana mtengenezaji mzuri wa konveta anakuuliza maswali mengi kabla ya kukuuzia. Mpe ukweli. Watu wengi wanataja torki wanayoitamani badala ya ile waliyo nayo, wanapata konveta inayobana injini chini, kisha wanailaumu konveta.

Kwa gari la barabarani mimi huwa mwoga, na sioni aibu. Stoli ya 3,500 kwenye gari linalokaa foleni kila asubuhi ni tanuri. Kama injini yako inaamka kwenye 2,600, chagua 2,600 hadi 2,800, hakikisha kuna lokapu, na uongeze kipoza. Kwa torki kubwa, dai mapezi ya ndani yaliyounganishwa kwa kuyeyushia madini kwenye tanuri na ganda lililoimarishwa, maana konveta ya kawaida huvimba kwa presha kama mpira na kuisukuma pampu ya giaboksi.

Niongeze idadi ya klachi au ninunue za bei kubwa?

Uwezo wa pakiti ya klachi unatokana na presha, ukubwa wa pistoni, idadi ya nyuso zinazogusana, na mshiko wa karatasi. Kutoka pleti 4 kwenda 5 kwa presha ile ile, umeongeza uwezo kwa asilimia 25, na mwili wa giaboksi haujabeba mzigo wowote wa ziada.

Lakini nafasi ndani ya dramu, ule mkebe wa chuma unaobeba pleti, ni ile ile. Wengi wanaingiza pleti ya ziada kwa kutumia pleti za chuma nyembamba, na hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi wenzangu wengi. Joto la kubadilisha gia linapokelewa na chuma, si na karatasi. Chuma chembamba kinapata moto haraka, kinapinda kama sahani, na pakiti yenye pleti nyingi inaungua mapema kuliko ile ya kiwandani. Kwa gari zito linalobadilisha gia chini ya mzigo mrefu, heri pleti chache zenye chuma kinene. Kwa gari jepesi la robo maili linalopumzika baada ya kila mbio, pleti nyingi zinafaa.

Loweka pleti za karatasi kwenye oili safi kwa nusu saa angalau kabla ya kuzifunga. Kisha pima nafasi kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia) kati ya saklipi, ile pete inayofunga pakiti, na pleti ya juu. Kitabu cha giaboksi yako ndicho hakimu. Pasipo kitabu, mafundi huanzia kwenye milimita 0.25 kwa kila pleti ya karatasi. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo, upande huu na upande ule, na namba iwe ile ile. Ikiwa upande mmoja ni tofauti, saklipi haijakaa kwenye mfereji wake. Baada ya hapo, puliza upepo wa bar 2 au 3 kwenye tundu la pistoni: unataka kusikia mlio mmoja mzito, "tuk", kisha kimya. Ukisikia upepo unavuma bila kukoma, kuna oili sili imekatika au imekunjwa. Fungua sasa hivi, hapo mezani.

Kuongeza presha ndiyo njia rahisi, sivyo?

Ni rahisi, na kwa kiasi chake ni nzuri. Vifaa vya kurekebisha valvu bodi hupandisha presha kuu, hupanua matundu yanayolisha klachi na kupunguza ulaini wa akyumuleta (pistoni yenye springi inayolainisha kuingia kwa gia), ili gia ikamate haraka. Muda mfupi wa kuteleza ni joto dogo.

Ukizidisha, pampu inafanya kazi ya bure inayogeuka joto, bushi zinalika, na kila gia inaingia kama teke. Gia inayopiga teke kwenye mwendo wa polepole haimaanishi giaboksi ni imara. Inamaanisha presha haifuati mzigo. Nataka ikamate kwa nguvu ninapokanyaga, na iwe laini ninapoegesha.

Giaboksi ipi ni msingi mzuri wa kujengea?

Inategemea kazi. TH400 ya General Motors, iliyoanza 1964, ina gia 3 tu lakini ni jabali. Rolls-Royce waliitumia, na hata Ferrari waliifunga kwenye modeli yao ya 400 mwaka 1976. Powerglide ya gia 2, iliyoanza 1950, bado inapendwa kwenye mbio za robo maili kwa sababu vyuma vyake vinavyozunguka ni vyepesi na inakula nguvu kidogo. 4L80E ni ndugu wa TH400 aliyeongezewa gia ya nne ya 0.75 na udhibiti wa kompyuta. Kwa gari zito lenye nguvu la barabarani, ni chaguo langu la kwanza katika familia hiyo.

4L60E nyepesi inajengeka, ila ujue udhaifu wake: pakiti ya klachi ya gia ya 3 na ya 4, na ganda la gia ya jua linalokatika. Tena kutoka gia ya kwanza ya 3.06 kwenda ya pili ya 1.63, injini iliyo kwenye mizunguko 6,000 inaangukia karibu 3,200. Turbo kubwa inalala hapo. Linganisha na ZF 8HP, iliyotoka 2009: kutoka 4.71 kwenda 3.14, injini inabaki kwenye 4,000. Katika 8HP, kila gia inaacha klachi na breki 2 tu zikiwa wazi kati ya 5, kwa hiyo msuguano wa bure ni mdogo. Namba ya jina lake inakupa dokezo: 8HP70 imekusudiwa torki ya Nm 700 hivi, 8HP90 karibu 900. Ugumu wake ni kompyuta iliyomo ndani, inayotaka mtu anayeijua.

A340E ya Toyota, iliyokaa nyuma ya injini ya 2JZ ya Supra, ni mvumilivu sana ikipewa klachi bora, presha iliyopimwa na upoaji. Usiidharau kwa umri wake.

Shafti za chuma maalumu na spragi pana zinahitajika lini?

Pale tairi zinaposhika na gari linaondoka kwa kishindo. Kwenye TH400, spragi ya kati yenye vipande 34 ni badiliko la kawaida. Spragi ikipasuka wakati dramu iko kwenye kasi, vipande hutoka hata nje ya mwili wa giaboksi. Kwa gari la mashindano funga ngao ya giaboksi yenye cheti cha SFI 4.1 (SFI ni shirika la Marekani la viwango vya usalama wa mashindano) na fleksipleti, yaani sahani inayounganisha injini na konveta, ya SFI 29.1. Miguu yako iko pembeni yake.

Na transibreki?

Inashikisha gia ya kwanza na rivasi kwa wakati mmoja ili gari lisimame huku injini ikiwa juu. Ni kifaa cha mashindano. Rudia ile hesabu ya kilowati 79, kisha uishike transibreki kwa sekunde 2 au 3, si zaidi, na uache oili ipoe kabla ya kurudia.

Oili ipi?

Ile iliyoandikwa na mtengenezaji wa giaboksi, au ile aliyosema mtengenezaji wa klachi ulizofunga. Oili za aina ya F hazina kemikali ya kulainisha mshiko, kwa hiyo klachi hukamata kwa ukali, na baadhi ya wajenzi wa magari ya zamani ya mashindano huzitumia kwa makusudi. Usiziweke kwenye giaboksi ya kisasa ambayo kompyuta yake inateleza lokapu kwa hesabu. Gari zima litatetemeka.

Kosa gani linaua giaboksi mpya siku ya kwanza?

Konveta ambayo haijakaa. Mimina karibu lita moja ya oili ndani yake, iingize, kisha izungushe huku ukiisukuma. Itaingia kwa hatua, mara nyingi tatu: shafti ya turbaini, mhimili wa steta, na mwisho meno ya pampu. Ile ya mwisho utaisikia mikononi, inadondoka kama droo inayofungwa. Ukiunganisha giaboksi na injini, konveta iwe bado inazunguka kwa mkono, na kati yake na fleksipleti kuwe na nafasi ya milimita 3 hadi 5 kabla hujaivuta kwa boliti. Kama inabidi kukaza boliti za giaboksi ili mwili ukutane na injini, simama. Pampu inavunjwa hapo hapo, na hakuna sauti itakayokuonya mpaka uwashe.

Kosa la pili ni uchafu. Situmii kitambaa cha nyuzi kwenye meza ya giaboksi. Uzi mmoja chini ya valvu unatosha kuinyima gia presha. Kushikilia beringi na oili sili wakati wa kufunga natumia mafuta mgando ya kupaka, ambayo huyeyuka ndani ya oili. Grisi ya beringi huziba filta.

Baada ya kufunga nifanye nini?

Jaza, washa, sogeza selekta kwenye kila gia ukisubiri ikamate, ongeza oili, kisha pima. Giaboksi nyingi zenye kijiti hupimwa zikiwa moto, injini ikiwa sailensa, kwenye P. 8HP haina kijiti, hupimwa kwenye tundu la pembeni oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50, injini ikiwaka. Kiwango kikizidi, oili inakoroga povu, na povu halina presha.

Kilomita 300 za mwanzo endesha kwa kawaida, ukiacha gia zote zibadilike mara nyingi, bila mbio na bila trela. Kisha shusha sampo uangalie. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuviokota kwa vidole, au chembe za rangi ya shaba, vinakuambia pleti, beringi au bushi inalika. Badilisha oili na filta hata kama kila kitu ni safi.

Naanza kuhisi gia inachelewa kukamata. Niendelee mpaka mwisho wa mwezi?

Usiendelee. Klachi inayoteleza kidogo leo inaweza kuwa oili sili moja iliyokauka au solenoidi iliyokwama. Ukiendelea kuendesha, karatasi iliyosagika itasambaa kwenye valvu bodi, konveta na kipoza oili, na vyote vitatu vitaingia kwenye bili. Pima kiwango cha oili, nusa, soma kodi za hitilafu kwenye kompyuta, funga geji ya presha. Presha ikiwa chini kwenye gia zote, anza na filta na pampu. Ikiwa chini kwenye gia moja tu, tatizo liko kwenye pakiti ya gia hiyo au njia inayoilisha.